Maji ya Somanga hayajasahau njia: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Barabara ya Kusini

Kwenu waheshimiwa: Waziri mwenye dhamana ya ujenzi, wahandisi wa mikoa ya Pwani, Lindi na Mtwara, wajumbe wa Kamati ya Bunge ya Miundombinu, na yeyote anayetia sahihi kwenye mchoro wa daraja kabla zege halijamwagwa.

YAH: BARABARA KUU YA DAR ES SALAAM–KIBITI–LINDI–MTWARA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo zangu. Mimi ni utingo mstaafu. Nilipanda lori kwa mara ya kwanza mwaka 1991, lori la mzee mmoja wa Kilwa Kivinje lililokuwa likipeleka chumvi na nazi Dar es Salaam na kurudi na sukari, mabati, na abiria walioketi juu ya mabati. Kazi yangu ilikuwa kutia kabari tairini, kuchimba tope, na kuingia majini mbele ya gari nikiwa na fimbo ya kupimia kina. Maji yakinifika kiunoni nainua mkono, dereva anazima injini, tunalala hapo hapo. Ndiyo elimu yote niliyo nayo juu ya mito. Leo nauza spea za pikipiki Nangurukuru, kwa kuwa magoti hayataki tena tope.

Naandika kwa jambo moja. Tangu barabara yetu ilipokatwa na kimbunga Hidaya Mei 2024, madaraja ya kudumu yamekuwa yakijengwa upande huu wa Kilwa, kutoka Somanga hadi Mto Matandu, na tunashukuru kuona nondo na zege mahali palipokuwa na kifusi. Ninachoomba ni kwamba kabla hamjaamua daraja liwe na urefu gani na tuta liwe na kimo gani, muwaulize watu waliowahi kusimama ndani ya yale maji. Barabara hii tangu zamani habari zake ni habari za vivuko. Kila tulipokisahau kivuko kimoja, tulirudishwa pale pale, na bei ikiwa imepanda.

Niruhusuni niwapitishe njiani kama konda mwenye maneno mengi.

Mjini Dar inaitwa Barabara ya Kilwa. Inatoka jirani na bandari, inapita Kurasini, Mtoni kwa Azizi Ally, Mbagala Rangi Tatu, Kongowe. Anayekaa kwenye foleni ya Mbagala kila jioni sidhani kama anaifikiria Kilwa, lakini jina liko pale kibaoni likimsubiri. Ukipita Vikindu unaanza kupumua: Mkuranga na mihogo yake, Kimanzichana, Jaribu Mpakani, Bungu, Kibiti, kisha Ikwiriri yenye harufu ya samaki wa mtoni. Halafu Mto Rufiji. Ukivuka kuna Muhoro, Nyamwage, Marendego, na hapo umeingia Mkoa wa Lindi. Somanga ndipo madirisha ya basi yanapojaa samaki wa kukaanga na pweza kabla breki hazijatulia. Njianne, Tingi, Mto Matandu, kisha Nangurukuru, ambapo wa Kilwa Masoko wanashuka na sisi wenyeji tunapata riziki. Mbele kuna Mavuji, Hoteli Tatu (nimezitafuta miaka 30, sijaiona hata ya kwanza), Kiranjeranje, Mto Mbwemkuru, Mchinga, Lindi mjini. Baada ya Lindi, Mnazi Mmoja, njia inagawanyika: kulia Masasi, kushoto Mtwara. Toka Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 560.

Mkihesabu vizuri mtaona nimetaja mito mingi kuliko miji. Hiyo ndiyo barabara yenyewe. Inakimbia sambamba na bahari, na kila mto unaotoka bara kwenda baharini lazima uikate. Barabara ya kwenda Mbeya inapambana na milima. Yetu inapambana na maji, na milima walau haihami.

Kabla ya magari, njia za huku zilikuwa zikitoka bara kuja pwani. Karne ya 19 misafara ya kutoka Ziwa Nyasa iliishia Kilwa Kivinje, ikiwa na pembe za ndovu na binadamu waliofungwa minyororo. Wajerumani walipoingia, walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga, pale Kivinje mwaka 1895, na mwembe wa mahali hapo unaitwa Mwembe Kinyonga hadi leo. Mwaka 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale, mganga wa ile dawa ya maji iliyovipa vita jina, alinyongwa Muhoro mwezi Agosti mwaka huo huo. Muhoro hii hii, ambayo basi linapita kwa dakika mbili na nusu ya abiria wamelala.

Kuna safari moja ya mizigo ambayo sisi watu wa malori tungepaswa kuiheshimu zaidi kuliko zetu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kule Tendaguru, ndani ya Lindi. Mifupa ilibebwa na watu kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kama nne kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mmoja wa mijusi hao amesimama Berlin, ana kimo cha zaidi ya mita 13. Hakuna mtu aliyewajengea wale wapagazi hata ubao wa kuvukia kijito. Walijua wenyewe kijito gani kinavukika mwezi gani. Hilo la mwisho naomba mlikumbuke, nitalirudia.

Waingereza walikuja na karanga. Mpango ulianza mwaka 1947, Nachingwea ikasafishwa msitu, bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, reli ikavutwa kutoka pwani kwenda Nachingwea. Mwaka 1951 karanga zikaachwa, na mapema baada ya Uhuru reli nayo ikafungwa, mataruma na vyuma vikang'olewa. Kwa hiyo Kusini ni mahali ambapo mtu akikwambia reli inakuja, mzee anakuuliza: ile ya kwanza mmeipeleka wapi?

Nikaja mimi na fimbo yangu.

Ndundu, kwenye kivuko cha Mto Rufiji, miaka ya 1990 sijui niieleze vipi kwa kijana aliyezaliwa daraja lipo. Rufiji tulivuka kwa pantoni. Magari yalipanga foleni kando ya mto, malori upande mmoja, mabasi upande mwingine, na wenye magari madogo wakijifanya wana mgonjwa. Pantoni ikiharibika hakuna aliyejua itapona lini. Mto ukijaa hauvuki. Tulilala chini ya lori siku mbili, siku tatu, mara moja siku tisa, tukila mchele wa abiria uliokuwa unapelekwa harusini Lindi. Harusi ilifanyika bila pilau, na bi harusi, ambaye sasa ni bibi wa watu, akiniona sokoni bado ananidai. Masika yakikolea, barabara ilikuwa inafungwa kabisa, na Mtwara ikawa kama kisiwa: unaifikia kwa meli, kwa ndege kama una fedha, au kwa kuzunguka Songea.

Agosti 2003 Rais Benjamin Mkapa alifungua daraja ambalo leo lina jina lake, mita 970, karibu kilomita nzima ya zege juu ya Rufiji. Nilikuwa kwenye umati. Watu wazima walilia, na mimi sikuwa na leso. Waliokuwepo walilivuka kwa miguu kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama watoto waliopewa bembea. Mtoto wa Lupaso, kijiji cha Masasi huku huku Kusini, alikuwa ametufungulia mlango.

Tazameni daraja lile lilivyo. Halikujengwa kwa upana wa mto wa mwezi Septemba, mto unaoonekana mwembamba na mchanga umejaa pembeni. Aliyelichora alijua Rufiji hulala kitanda kipana kuliko kinavyoonekana kiangazi. Ndiyo maana Aprili 2024, Rufiji ilipofurika na wenzetu wa Muhoro na Chumbi wakahama nyumba zao, daraja la Mkapa lilibaki limesimama. Ujuzi huo basi tunao, na tunao hapa hapa njiani, miaka zaidi ya 20 sasa.

Ukishuka darajani kuelekea kusini zilikuwa zinakungoja kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga. Hizo, ndugu zangu, hazina mfano. Udongo wa pale ni mweusi. Ukikauka unapasuka mianya ya kuingiza mguu, ukilowa unavimba na kuwa ugali. Lami ilikuwa ikija Kusini kwa vipande, kipande huku kipande kule, Nangurukuru hadi Mbwemkuru, Mbwemkuru hadi Mingoyo, na kipande hiki cha katikati kikabaki cha mwisho. Tulikuwa na daraja la fahari upande mmoja na lami nyororo upande wa pili, katikati yake malori yamezama hadi ekseli. Vijana wa Nyamwage walijenga nyumba za bati kwa ujira wa kukwamua magari. Ilisemwa, nami sikuona ila sikatai, kwamba usiku wengine walimwagia maji mashimo ili kesho kazi isikosekane. Kipande kile kilikamilika katikati ya miaka ya 2010. Wakati huo huo bomba kubwa la gesi kutoka Mtwara lilichimbiwa na kufika Dar es Salaam kati ya 2013 na 2015. Sisemi kitu. Naweka tu miaka pembeni ya miaka.

Basi tukapata lami mfululizo, na kwa mara ya kwanza mtu akanywa chai Lindi na kula chakula cha jioni Mbagala. Samaki wa Somanga wakafika Dar wakiwa na barafu bado. Ufuta wa Kilwa, korosho, mbaazi, chumvi, saruji ya Mtwara, vyote vikapita dukani kwangu. Tulidhani hadithi imeisha.

Januari 2020 mvua kubwa zilifurisha mabonde ya Kilwa, watu wakafa, vijiji vikahama. Tuliambiwa ni mvua za ajabu. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya. Tarehe 3 na 4 Mei upepo na mvua vilipiga Mafia na Kilwa, na barabara ikakatika sehemu kadhaa kwa mkupuo: Mikereng'ende, Somanga Mtama, Lingaula, Matandu. (Wageni wasichanganye: Somanga Mtama ni hapa Kilwa, Mtama yenyewe ni kule njia ya Masasi. Nimeshuhudia mwandishi mmoja wa habari akipelekwa kusiko.) Aprili mwaka uliofuata mvua zikarudi, mchepuko wa Somanga Mtama ukaliwa na maji, na magari yakapanga foleni pande zote mbili kama enzi za pantoni. Nilimwona kijana wa basi akilala chini ya gari lake. Nilitaka kumfundisha jinsi ya kukaa mbali na mafuta yanayodondoka, nikaona ameshajua.

Sasa nisikilizeni jambo ambalo nililiona kwa macho yangu.

Nilikuwa Somanga usiku ule wa kimbunga, nimefuata mzigo wa mipira ya pikipiki. Asubuhi tulikwenda kuangalia. Maji hayakuwa yamelivunja daraja. Daraja lilikuwa pale pale, limesimama peke yake katikati ya mto kama meza iliyosahauliwa uwanjani baada ya harusi. Kilichokwenda ni maingilio yake, udongo wa pande mbili. Na mbele kidogo, mahali pasipo na daraja bali kalavati tu, tuta lote lilikuwa limekwenda, lami imebaki ikining'inia kama ulimi wa ng'ombe.

Kijana mmoja mhandisi, alipokuja dukani kutafuta plagi, nilimketisha nikamnywesha soda hadi akanieleza. Alisema tuta la barabara likikatiza bonde na matundu yake yakiwa machache, linageuka kuwa bwawa. Maji yanajaa upande wa bara, magogo na majani yanaziba kalavati, kimo kinapanda. Yakishapita juu ya lami yanaangukia upande wa bahari na kuanza kula mguu wa tuta kutoka chini. Likishalika mguu, mengine ni dakika. Nikamuuliza kwa nini matundu ni machache. Akasema kila daraja huchorwa kwa mafuriko ya kiwango fulani, tuseme yale yanayotegemewa mara moja katika miaka 50. Nikafurahi, nikasema basi baada ya 2024 tumepona hadi 2074. Akacheka. Akasema maana yake ni kwamba kila mwaka una nafasi 1 kati ya 50 ya kuyaona, mwaka huu, na mwaka kesho tena, kama karata inayochanganywa upya. Katika miaka 30, akakokotoa kwenye simu, uwezekano wa kuyaona walau mara moja ni karibu nusu. Na hiyo, akaongeza, ni kama hesabu ya mvua uliyoanzia ilikuwa sahihi, na kama miti ya juu bado ipo.

Miti ya juu haipo, na hapo sisi wenyewe tuna lawama. Tumekata mkaa mabondeni, tumelima ufuta hadi ukingoni mwa mito, mifugo imeongezeka, na mvua ambayo zamani ilikaa msituni siku tatu sasa inatufikia usiku huo huo. Hesabu ya zamani ya mto haiwezi kuwa hesabu ya leo. Lakini kama vipimo vya mvua vya huku ni vichache, na vingi vina mapengo, mhandisi ataanzia wapi?

Ataanzia kwa wazee. Huku kila kijiji kina mtu anayejua maji ya El Nino ya 1997 na 1998 yaliishia kwenye mti gani, ya 2020 yaliishia ukuta gani. Somanga kuna mzee aliyetuonyesha mkondo wa zamani, mita kama mia mbili kaskazini ya daraja, umeota majani, watu wamejenga vibanda. Alisema mto ulipita hapo alipokuwa mvulana, na utarudi. Usiku wa Hidaya maji yalipita hapo hapo kwanza, kabla ya kwenda darajani. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Wale wapagazi wa Tendaguru walikuwa na ujuzi wa aina hii kichwani pamoja na mifupa ya mijusi, na hakuna aliyeuandika.

Ombi langu la kwanza basi si la fedha. Mtumeni mtu mmoja mwenye daftari, kipimo na subira, atembee kutoka Marendego hadi Mbwemkuru, akae na wazee kila kivuko, apime alama za maji, na daftari hilo liwekwe wazi tulisome. Kisha chora. Pale ambapo alama za wazee zinapishana na hesabu za ofisini, mtueleze kwa nini mmechagua ipi. Na mahali penye mkondo mpana, wekeni matundu mengi kwenye tuta lote, msitegemee daraja moja katikati. Nchi iliyoweza kuvuka kilomita 3 za Ziwa Victoria kutoka Kigongo hadi Busisi haishindwi na bonde la Somanga. Sina shaka na uwezo wa mtu. Nina shaka na haraka.

Haraka naielewa. Barabara ikikatika kila mtu anapiga simu, na mkubwa akifika anataka gari lipite kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili. Kifusi kinamwagwa mchana na usiku, magari yanapita, tunapiga makofi, nami napiga. Ila kifusi cha dharura kina tabia ya kuzeeka kazini. Mchepuko wa wiki mbili unafikisha mwaka, halafu mvua inaukagua.

Gharama ya kukatika mnaijua kwa mabilioni, ngoja niwape yangu. Kutoka Dar kwenda Lindi moja kwa moja ni kama kilomita 450. Ikikatika Somanga, lori linazunguka Morogoro, Iringa, Makambako, Songea, Tunduru, Masasi, zaidi ya kilomita 1,500. Tunamshukuru Mungu kuwa Songea hadi Masasi sasa kuna lami, zamani hata hilo halikuwepo. Lakini muuza nyanya hawezi kuzunguka Songea. Mgonjwa wa rufaa ya Muhimbili hawezi kuzunguka Songea. Wiki ile ya Aprili niliona semi ya machungwa imefunguliwa turubai, machungwa yakigawiwa bure kwa sababu yalikuwa yameanza kutoa maji. Mvumilivu hula mbivu, tunaambiwa. Tulizila, zikatushinda.

La njia mbadala nalo lizungumzwe. Nangurukuru hadi Liwale ni kama kilomita 230, na kwa miaka yangu yote ni vumbi kiangazi na tope masika. Najua haiikwepi Somanga. Lakini Kusini yote isining'inie kwenye uzi mmoja wa pwani: Matandu au Mbwemkuru ikikatika, mtu wa Kilwa angekuwa na pa kutokea kupitia Liwale na Nachingwea. Hadi hapo itakapowezekana, wekeni madaraja ya chuma ya dharura hapa hapa, Nangurukuru na Kibiti, yawe tayari kabla ya mwezi Desemba. Mvua za huku hazijifichi, huja msimu wake. Kuyasafirisha madaraja kutoka mbali baada ya barabara kukatika ni kumtafuta mkunga mtoto akiwa ameshazaliwa.

Neno juu ya mizani. Madereva watanichukia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka gari lote lisizidi tani 56, na ekseli moja ya tairi pacha isizidi tani 10. Yule kijana wa plagi aliniambia uharibifu hauongezeki kwa kadiri ya uzito, unaruka: ekseli ikibeba mara mbili, lami inaumia karibu mara 16. Nilibeba mizigo ya kupita kiasi miaka mingi na sikujua hesabu hiyo. Lami ikishapasuka, maji yanaingia tumboni mwa tuta, na mafuriko yakija yanakuta kazi nusu imeshafanyika. Kwa hiyo mizani ikilegezwa saa za usiku, na sote tunajua huwa inalegezwa mahali fulani, daraja ndilo linalokuja kulipa.

Na alama X, ile inayopigwa kwenye kuta za nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zimepanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Sipingi, barabara inahitaji nafasi. Lakini shangazi yangu alikuwa na nyumba kabla ya kanuni, akapigwa X ya kijani, akaambiwa asubiri fidia, asiendeleze. Paa likavuja akaogopa kuliziba, asije akaambiwa ameendeleza. Alifariki ikivuja. Mtu akipigwa rangi apewe na tarehe, walau ajue atanyeshewa mpaka lini.

Nimesema mengi kuliko nilivyokusudia, ndiyo ada ya matingo.

Mwisho, maelekezo kwa yule atakayetumwa na daftari. Akifika Somanga aulize mwembe ulio nyuma ya vibanda vya samaki, upande wa bara, hatua kama 40 kutoka lami. Asubuhi ya tarehe 4 Mei 2024 maji yalipoanza kushuka nilipigilia pale msumari wa inchi nne, kwenye mstari wa matope uliobaki gomeni. Kwangu mimi unanifika begani, na si mtu mfupi. Aje na kipimo cha futi kamba, kwa sababu changu kilikwenda na maji. Akinipigia kelele kutoka barabarani Nangurukuru nitafunga duka tufuatane.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Utingo mstaafu,
Nangurukuru, Kilwa